Shangazi Fisi na Mabakuli ya Wenzake

Mwaka ule mvua ilipita kwa mbali kama shemeji aliyekosana na nyumba: ilionekana vilimani, ikanguruma kidogo, ikaenda zake. Mto ukabaki mchanga mtupu. Majani yakageuka rangi ya ngozi ya Simba, na Simba mwenyewe, ambaye hakuna jambo asiloweza kuligeuza likawa sifa yake, akasema, "Mnaona? Hata nchi inataka kufanana na mimi."

Lakini njaa haijui sifa. Nungunungu, ambaye ndugu zake wote walimfupishia jina wakamwita Nungu, alijifungua mtoto wake wa kwanza katikati ya ukame huo. Mumewe alikwenda ng'ambo ya vilima kutafuta mizizi, hajarudi, na Nungu akabaki shimoni na mtoto wake, akiogopa. Woga alizaliwa nao, ndivyo walivyo nungunungu wote, likidondoka jani miiba inasimama. Lakini tangu apate mtoto, woga ulimzidi kimo. Mtoto akilala sana aliogopa, asipolala aliogopa, akipiga chafya ndiyo usiseme. Na sasa alikuwa na jambo la kweli la kuogopa, kwa maana maziwa yalikuwa yanakauka. Mtoto alinyonya, akanyonya, akaachia, akamtazama mama yake usoni kama anayeuliza, hiyo ndiyo yote?

Jirani yake, Bibi Kobe, akamwambia, "Maziwa hayatoki hewani, mjukuu wangu. Yanatoka kwenye kunde na karanga. Wewe unakula nini?"

"Nakula magome, bibi, na juzi nilipata mzizi lakini ulikuwa mchungu, nikaogopa utamdhuru mtoto nikautema, halafu nikajuta, nikaurudia, nikakuta mchwa wameshauchukua, sasa sijui kama mchwa nao..."

"Waache mchwa. Kesho nenda kwa Simba, kwenye karamu."

Hapo miiba ya Nungu ikaanza kugongana, ta-ta-ta-ta.

Kila mwaka Simba alialika ukoo mzima. Zama hizo wanyama walikuwa wameoana ovyo, mpaka kila mtu akawa ndugu wa kila mtu, na Simba alikuwa baba mkubwa wa wote kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwita baba mdogo. Mwaka huo shambani hakikutoka kitu. Lakini Simba alikuwa na ghala, na alikuwa radhi alale njaa mwezi mzima kuliko kusikia watu wakisema karamu yake imeahirishwa. Aliamuru yapikwe makande, mahindi na kunde, yaungwe kwa karanga, na kila ndugu apate bakuli moja lililojaa mpaka mdomoni. Chungu cha pili kilikuwa cha supu ya mifupa. Mifupa ya nani, haikuulizwa. Kwenye sherehe watu wenye adabu hawaulizi.

"Siendi," Nungu akasema. "Bibi, si unaniona nilivyo? Miiba ya nyuma ya masikio imedondoka yote tangu nijifungue, tumbo limekataa kurudi, macho yameingia ndani. Shangazi Fisi atanisema. Mwaka jana, nikiwa bibi harusi, kipenzi cha watu, aliniambia mbele ya ukoo mzima, simama basi tukuone, na mimi nilikuwa nimesimama. Nikasukuma bakuli langu, nikarudi nyumbani na njaa. Mwaka jana nilikuwa peke yangu, bibi, njaa yangu ilikuwa yangu. Sasa hivi nikisukuma bakuli, nimesukuma na la mtoto."

"Basi usisukume," Kobe akasema. "Mimi Fisi amenisema tangu mama yako hajazaliwa. Ziba masikio, fungua mdomo, kula."

Kulitamka ni rahisi. Kobe ana gamba.

Asubuhi yake Nungu akamchukua mtoto akamweka kifuani, kwa kuwa nungunungu hambebi mwana mgongoni, sababu kila mtu anaielewa, akashika njia. Njia nzima alikuwa akijisemea, nitaingia, nitasalimia, nitakaa pembeni, nitakula, nitaondoka. Nitaingia, nitasalimia, nitakaa pembeni. Alipofika uani kwa Simba akasahau kusalimia.

Ndugu walikuwa wamekaa duara kwenye mikeka, mabakuli yanapitishwa. Harufu ya karanga ilimpiga Nungu puani. Simba alikuwa amekaa peke yake kwenye kigoda, manyoya yamechanwa, akingoja watu wamalize kuyatazama ndipo aseme. Akasema.

"Karibuni. Mmekuja kwa Simba, na kwa Simba habembelezwi mtu. Sitaki kesho nisikie fulani alilazimishwa kula kwangu kama vile nilikuwa nina shida ya walaji. Atakayesukuma bakuli lake ameshiba. Na bakuli lililosukumwa halivutwi tena; ni la jirani yake aliye ubavuni. Kuleni."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile miaka yote, ilitokana na kiburi tu, na watu walikuwa wameizoea. Nungu akaketi ukingoni mwa mkeka. Upande mmoja alikuwapo binamu yake Sungura, ambaye bakuli lake lilikuwa jeupe tayari, amelilamba mpaka limeng'aa. Upande wa pili palikuwa wazi.

"Shikamoo, kaka Sungura."

"Marahaba. Kula."

"Ya moto."

"Yapulize basi, dada, hakuna muda." Na Sungura akanyoosha sikio moja kuelekea upande wa pili wa duara. "Anakuja."

Nungu akatazama. Shangazi Fisi alikuwa ameketi karibu na Bibi Kobe, bakuli lake mwenyewe limeshakwisha, na pembeni ameweka chungu chenye kifuniko, ambacho alimwambia kila mtu ni cha dawa ya mgongo.

"Bibi Kobe," Fisi alikuwa akisema kwa sauti ya huruma, ile ambayo inasikika uwanja mzima, "uso huo umekunjwa na nani? Kweli uzee haufichiki. Nakwambia kwa kuwa nakupenda, mtu baki angekucheka pembeni."

Kobe akarudisha kichwa ndani ya gamba, na bakuli nalo likaingia. Kutoka ndani zikasikika sauti za kutafuna.

Fisi akakaa kidogo, akaona hapo hapana biashara. "Mgongo wangu jamani, hapa pana bonde," akasema, akabeba chungu chake akahamia kwa Kiboko.

"Mwanangu Kiboko. Njaa yote hii iliyoingia nchini, wewe peke yako ndiye hukupata habari zake? Si kwa ubaya. Nimeona tu umevimba. Kula, kula, usinisikilize mimi. Ila mkeka wa watu huo."

Kiboko, ambaye kwa kweli alikuwa amekonda mpaka ngozi inamning'inia, na aliyetembea tangu jana yake akiliwaza bakuli lile, akashusha kichwa. Akalisukuma. "Nimeshiba, shangazi."

"Umeshiba? Haya, sheria ni sheria." Kifuniko kikafunguka, kikafungwa.

"Mgongo," Fisi akasema, akahamia kwa Twiga.

Twiga alikuwa ameolewa msimu huo, bado ana aibu za ugeni, anakula punje mojamoja. "Na wewe mke wetu, mbona umekwisha hivyo?" Fisi akamwuliza. "Imebaki shingo na kope. Hivi mumeo akitaka kuzungumza na wewe anapanda juu, au anazungumza na magoti? Msione nasema, mimi sifichi. Mtu mwembamba hivi akila makande yatamkaa wapi? Yataonekana yakishuka."

Twiga akafumba kope zake ndefu. Bakuli likasukumwa. Kifuniko kikafunguka, kikafungwa.

Sungura akamwinamia Nungu. "Umesikia? Kiboko kamwambia kavimba, Twiga kamwambia kakonda. Mimi hajanisema. Unajua kwa nini? Shangazi yetu hajawahi hata siku moja kumsema mtu ambaye bakuli lake ni tupu."

Nungu akageuka akamtazama. Jambo lile lilimwingia polepole, kisha likamwingia lote kwa pamoja. Mwaka mzima alikuwa amejitazama miguu yake kwenye kila dimbwi la maji, mwaka mzima, na kumbe mtu alikuwa akitaka kunde tu. Akaingiza mkono bakulini kwa pupa. Makande yakamwunguza, akautoa, akapuliza vidole, mtoto akaamka akaanza kujipindapinda, akamshika mtoto, bakuli likayumba, akalishika bakuli, na alipoinua macho, pale palipokuwa wazi palikuwa pameketi mtu.

"Mgongo wangu," Shangazi Fisi akasema, akitua chungu. "Nungu, mwanangu. Hata salamu?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu geuka. Geuka na huku. Loo." Akatikisa kichwa muda mrefu. "Miiba imekwenda wapi? Huku nyuma ya masikio umebaki kama kibuyu. Mama yako alizaa, mimi nilikuwapo, hakuwa hivi. Na hilo tumbo bado limo, au kuna mwenzake anakuja? Nauliza tu. Ulikuwa mzuri wewe, usione nasema. Ulikuwa na miguu mifupi, lakini miiba ilikuwa inatazamika."

Ta-ta-ta-ta, miiba ya Nungu ikaita. Uwanja ukageuka kutazama. Hakuna kitu kibaya kama mwili ambao ukiogopa unapiga kelele.

"Na huyu ndiye mtoto?" Fisi akainama, pua yake ikapita juu ya mtoto ikaenda kutua juu ya bakuli. "Mdogo. Mweupemweupe. Miiba laini kama manyoya ya bata. Mna uhakika ni nungunungu huyu? Maana baba yake mwenyewe simwoni hapa."

Mkono wa Nungu ulikuwa kwenye ukingo wa bakuli. Hakuuambia ufanye kitu. Ulianza wenyewe, kama mwaka jana, ukalisukuma bakuli kidogo, upana wa ukucha. Macho ya Shangazi Fisi yakalifuata. Mkono wake ukaenda kwenye kifuniko cha chungu. Na hapo mtoto, ambaye hakujua kama yeye ni mweupemweupe, akatafuta ziwa, akalipata, akavuta, pakavu, akaachia, akalia kilio kidogo cha mtu aliyechoka kulia.

Nungu akaukamata mkono wake mmoja kwa mkono wa pili. Alikuwa anaogopa kuliko siku zote za maisha yake, na yeye akiogopa hanyamazi. Wenzake wakiogopa maneno hukauka, yeye hufunguka kama gunia lililotoboka.

"Shangazi, samahani, nisamehe, naomba kuuliza, sina ubishi, mimi nauliza tu maana sielewi, hayo unayosema ni ya kweli au ni utani? Kwa sababu kama ni ya kweli basi umenitukana mimi na mume wangu na mtoto mbele ya baba mkubwa, kwenye karamu yake, na sidhani kama ungefanya hivyo, wewe mtu mzima, na kama ni utani basi wewe ni mtani wangu na mimi nilikuwa sijui, mama hakuniambia, nimekuwa nikikuheshimu kama shangazi miaka yote hii kumbe nimekosea, sasa nakuuliza ili nijue, ni kipi?"

Hata kutafuna kule ndani ya gamba kulikoma. Juu ya kigoda Simba aligeuza shingo taratibu, kwa kuwa alikuwa amesikia maneno mawili tu, "umenitukana" na "karamu yake."

"Nani katukanwa kwangu?" akauliza.

Fisi alikuwa mlafi, hakuwa mjinga wa kubishana na manyoya yale. Akacheka kicheko chake. "Hakuna, baba mkubwa. Utani tu. Vijana wa siku hizi wagumu, hawataniwi. Ni utani tu."

"Basi ni mtani," Sungura akasema haraka, akasimama. "Baba mkubwa umesikia mwenyewe. Shangazi si shangazi, ni mtani. Aah, ana bahati huyu. Mnajua mtani alivyo? Mtani akitaka kitu hakiombi. Mnakumbuka msiba wa Tembo, watani walivyoingia? Walinyang'anya mpaka mkeka aliokalia mfiwa, na hakuna aliyewagusa. Mtani anasema atakalo, anachukua atakacho. Ila labda shangazi hataki. Labda nimemsikia vibaya."

Sasa Shangazi Fisi misiba yote ya nchi ile alikuwa akihudhuria, lakini alikuwa akifika wakati sinia zinatoka, na zikishaisha mgongo ulikuwa unamwuma anaaga. Msiba wa Tembo aliuona hapo katikati tu, ule wakati wa kunyang'anya. Kilichotangulia na kilichofuata hakuwahi kukiona. Akaliangalia bakuli la Nungu. Akakiangalia chungu kikubwa cha Simba pale jikoni, chenye makande ya akiba. Mate yakamjaa.

"Hujasikia vibaya," akasema. "Mtani mimi. Tangu babu na babu. Mtani wa ukoo mzima huu, wanaume kwa wanawake, na mashahidi ni ninyi."

"Wote mmesikia?" Sungura akauliza.

"Tumesikia," wakaitikia, wengine kwa huzuni.

"Baba mkubwa?"

"Kwa Simba neno likisemwa limesemwa," Simba akasema.

"Basi, mtani, inuka mkekani," Sungura akasema, na sauti yake ilikuwa tamu kama asali ya wizi.

"Niinuke kwa nini?"

Kichwa cha Bibi Kobe kikatoka ndani ya gamba, kidogokidogo, kama kawaida yake. "Kwa sababu mtani hakai na wenye shughuli, mwanangu," akasema. "Huko kwenye msiba wa Tembo, kaburi lilichimbwa na nani? Watani. Maji yalichotwa na nani? Watani. Vyungu vilioshwa na nani? Mtani tunamwachia mdomo kwa sababu tumemwachia na kazi. Atasema, hatukasiriki. Atanyang'anya mkeka, ataurudisha akicheka. Lakini atachota maji watu wote wanywe, atasugua vyungu, na atakula mwisho. Ukoko. Ulikuwa hujui?"

Shangazi Fisi alikuwa hajui. Ilionekana usoni.

"Tena kuna hili, baba mkubwa," Sungura akasema. "Bakuli lililosukumwa ni la jirani aliye ubavuni. Mtani hakai mkekani. Sasa kama hakai mkekani, alikuwaje jirani wa Kiboko? Alikuwaje jirani wa Twiga?"

Simba akafikiri. Kufikiri si kazi aliyoipenda, lakini hili lilihusu sheria yake, na chochote kilicho chake alikithamini. "Leteni hicho chungu cha dawa," akasema.

Kifuniko kikafunguliwa. Simba akachungulia, akanusa.

"Dawa hii naifahamu," akasema. "Nimeipika mimi. Mrudishieni kila mtu bakuli lake."

Kiboko akapokea lake kwa mikono miwili. Twiga akapokea lake, na mara hii hakula punje mojamoja. Sungura, kwa kuwa yeye ndiye aliyegawa, alihakikisha kwamba kinachobaki chini ya chungu kinabaki kwa mtu mwenye busara, yaani yeye.

Fisi alikuwa amesimama pembeni ya mkeka, amevimba. Kisima pekee kilichobaki nchini kilikuwa bondeni, kwenda ni kuteremka na kurudi ni kupanda.

"Mtani," Kiboko akaita, mdomo umejaa, furaha imemrudia, "miguu yako ya nyuma ni ya kwako au uliiazima kwa mtu mfupi?"

Watu wakacheka. Fisi akageuka. "Unasemaje wewe?"

"Mtani," Sungura akadakia, "hayo madoa ulizaliwa nayo, au ni ya mchuzi wa misiba?"

Wakacheka zaidi, Twiga akajificha nyuma ya kope. Bibi Kobe akainua mkono, na kwa heshima ya umri wake wote wakanyamaza kumngoja. "Mtani," akasema. Wakangoja. Akatafuna. Wakangoja tena. "Nimesahau," akasema, na hilo ndilo lililowavunja mbavu.

"Hamna adabu," Shangazi Fisi akapaza sauti. "Mimi ni mtu mzima. Mwili huu sikujiumba, na mgongo huu nimezaliwa nao, na masikio ninayo kama ninyi. Inauma."

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyetazamana na mwenzake.

"Inauma?" Simba akauliza. Hakuwa anakejeli, kwa kweli alikuwa hajui, kwa sababu yeye hakuna aliyewahi kumwambia kitu. "Basi yale uliyowaambia hawa wenzako nayo yaliuma?"

"Mtani hanuni, baba mkubwa," Sungura akasema polepole. "Akinuna, si mtani. Na kama si mtani, basi yale hayakuwa utani. Tumwulize yalikuwa nini."

Simba akamgeukia Fisi. Manyoya yake yalikuwa yamesimama kidogo. "Yalikuwa nini?"

Shangazi Fisi akautazama mtungi mtupu uliokuwa mlangoni, kisha akayatazama meno ya Simba, kisha akautazama mtungi tena.

"Utani," akasema, akauinua.

"Bado Nungu," mtu mmoja akasema. "Nungu hajamtania. Na yeye ndiye aliyesemwa kuliko wote. Sema, Nungu."

Wote wakageuka. Nungu akahisi miiba inaanza. Maneno alikuwa nayo. Alikuwa nayo tangu mwaka jana, ameyanoa usiku na mchana shimoni, kuhusu mdomo ule na mate yale na kicheko kile, na mengine yalikuwa mazuri sana, yangesimuliwa mpaka karamu ijayo. Fisi alikuwa amesimama na mtungi begani, masikio yameshuka, akingoja. Alikuwa amejikunyata kidogo, kama mtu anayelinda bakuli ambalo hana. Nungu alikufahamu kule kujikunyata.

Akalivuta bakuli lake karibu, ule upana wa ukucha.

"Mtani," akasema, sauti yake nyembamba, haraka haraka, "naomba maji ya kunywa, nanyonyesha, na kama yapo ya vuguvugu ndiyo mazuri zaidi, na ukichelewa si neno, mimi bado nakula."

Sungura aliguna, alitarajia kubwa zaidi. Bibi Kobe akatikisa kichwa juu na chini.

Na Nungu akala. Alikula kunde na mahindi, akala karanga zilizoganda pembeni, akapangusa bakuli kwa kidole, akalamba kidole. Tumbo lake lilining'inia vilevile, miiba ya nyuma ya masikio haikuota pale pale. Akaletewa maji, akayanywa, akashukuru kwa adabu. Vivuli viliporefuka akamweka mtoto ziwani, na mtoto akavuta, akatulia, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Nungu akasikia kitu alichokuwa akikisikilizia hata usingizini: mtoto anameza. Anameza, anapumua kidogo, anameza tena. Akaketi bila kutikisika, akiogopa asije akaikatiza sauti ile.

Upande wa pili wa uwanja Shangazi Fisi alipanda kutoka kisimani kwa mara nyingine, mtungi begani, ulimi nje. Alipita kwa Kiboko akasema, "Nimechoka jamani," akasimama kidogo, akingoja. Akapita kwa Twiga, "Mabega yangu," akangoja. Akapita kwa Bibi Kobe, akangoja pale muda mrefu zaidi, kwa kuwa Kobe huchelewa. Hakuna aliyemjibu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.